Dripu inafika kifuani, kichwani haifiki

Mimi ni nesi, na sehemu kubwa ya kazi yangu ni kutundika dripu za saratani. Mama mmoja aliyekuwa akipata trastuzumab kwa saratani ya titi aliniambia huku namtafutia mshipa: “Sista, uvimbe umeisha, ila nikiamka asubuhi kichwa kinataka kupasuka. Jana nimetapika, na tumbo haliniumi.” Zahanati ya mtaani kwake ilishampa panadol na dawa ya malaria. CT-Scan ikaonyesha saratani imeshaingia kwenye ubongo.

Mumewe akauliza, kwa hasira ya haki kabisa: kwani dawa haifanyi kazi? Inafanya, mzee wangu. Kule juu ndiko haifiki vya kutosha.

Mishipa midogo ya damu ya ubongo ina kuta zilizobanana kuliko za ini au titi. Molekuli kubwa hukwama, na nyingi za zile ndogo zinazojipenyeza husukumwa na protini zirudi kwenye damu, kama mgeni anayetolewa getini na mlinzi. Mwaka 1885 Mjerumani Paul Ehrlich alidunga wanyama rangi. Viungo karibu vyote vikashika, ubongo haukushika. Mwaka 1913 Edwin Goldmann akaidunga kwenye maji yanayozunguka ubongo: safari hii ubongo ukashika, mwili ukabaki vilevile.

Ukuta huo unatulinda na sumu na vijidudu, kwa hiyo siulaumu. Lakini trastuzumab ni kubwa karibu mara 300 kuliko tucatinib, kidonge cha saratani hiyohiyo ya titi, aina yenye protini nyingi ya HER2, kilichoidhinishwa Marekani mwaka 2020. Utafiti wake uliwapokea wagonjwa wenye saratani ubongoni, watu ambao tafiti nyingi za awali ziliwaacha nje, jambo ninaloliona la aibu. Kwa wagonjwa hao, kidonge kilipoongezwa kwenye dawa za kawaida, takriban robo walifika mwaka mmoja bila ugonjwa kusonga mbele. Kwa waliokosa kidonge, makadirio yalikuwa sifuri.

Najua bei ya vidonge vya namna hiyo, na sitamdanganya mgonjwa kwamba vinamsubiri dirishani. Ila mionzi haizuiwi na ukuta huo, na hospitali ya saratani ya Ocean Road hapa Dar es Salaam inatoa mionzi. Deksamethasoni, dawa ya bei nafuu, hupunguza kuvimba kunakoukandamiza ubongo. Vyote hivyo husaidia zaidi mgonjwa akifika mapema, kabla mkono haujalegea au degedege halijaanza.

Wanawake wanaopata dripu hii tunawaona kila baada ya wiki tatu. Tunawapima presha na uzito, tunauliza habari za titi, basi. Wenzangu wa kliniki, tuulizeni na kichwa, macho, kutapika na kuyumba, na jibu likitia shaka tuandike kipimo siku hiyohiyo. Nanyi mnaowauguza nyumbani, mkisikia malalamiko hayo msisubiri tarehe ya dripu. Mleteni.