AFYA YAKO: Chakula Kikikwama, Usingoje

Huenda kijijini kwako umewahi kumwona mtu wa namna hii. Ni baba mwenye nyumba yake, hodari wa jembe. Siku moja mkewe anaona kwamba ameacha kula nyama. Akiulizwa, anasema meno yake ni mabovu. Baada ya wiki chache ugali nao unamshinda. Kila tonge analisukuma kwa maji. Halafu anaomba apikiwe uji tu. Jirani mmoja anasema ni uzee. Mwingine anasema amelishwa kitu na adui zake. Anapofikishwa hospitali, hata uji haupiti. Mwili umekwisha.

Mtu huyo njaa anayo. Njia ya chakula ndiyo iliyokuwa inaziba kidogo kidogo. Mwezi huu tujifunze habari za njia hiyo. Jina lake ni umio.

UMIO NI NINI?

Kooni mna njia mbili. Njia ya mbele ni ya pumzi, nayo huenda kwenye mapafu. Jiguse shingo kwa mbele. Kile kitu kigumu unachokigusa ni njia ya pumzi. Nyuma yake ndipo ulipo umio. Umio ni laini kama utumbo. Kwa mtu mzima urefu wake ni kama sentimita 25, yaani shubiri moja na kidogo. Unaanzia kooni, unapita kifuani nyuma ya moyo, unaishia tumboni.

Unapomeza, kifuniko kidogo kiitwacho kidaka tonge hufunika njia ya pumzi. Chakula hupita juu yake na kuingia kwenye umio. Ukicheka au kuongea huku unameza, kifuniko hicho huenda kisiwahi kufunga. Hapo ndipo unapopaliwa.

Je, chakula huanguka tu kama jiwe kisimani? Hapana. Umewahi kuona watu wakisafisha utumbo wa mbuzi? Huubana kwa vidole na kuvisukuma vilivyomo mpaka vitoke. Umio hufanya hivyo hivyo. Misuli yake hubana nyuma ya tonge na kulisukuma mbele. Mtazame ng'ombe akinywa maji mtoni. Kichwa kiko chini, lakini maji yanapanda juu mpaka tumboni. Ni kazi ya umio.

Mwisho wa umio pana mlango wa misuli. Hufunguka kupitisha chakula, kisha hujifunga. Tumboni mna maji makali yanayosaga chakula. Maji hayo huitwa tindikali. Tumbo lina ngozi ya kuistahimili tindikali. Umio hauna ngozi ya namna hiyo. Ndiyo maana mlango huo ni lazima ufunge vizuri.

KIUNGULIA

Mlango huo ukilegea, tindikali hupanda na kuuchoma umio. Utasikia moto kifuani na uchachu mdomoni. Hicho ndicho kiungulia. Akina mama wajawazito wengi hukipata, na mara nyingi huisha baada ya kujifungua.

Unaweza kujisaidia hivi:

Usile mpaka ukashiba kupita kiasi.

Usilale mara baada ya kula. Ngoja saa mbili au tatu.

Inua miguu ya kitanda upande wa kichwa kwa tofali.

Acha tumbaku. Acha pombe.

Kiungulia kikikujia kila wiki, nenda zahanati. Zipo dawa nzuri. Usikizoee, maana umio ukichomwa kwa miaka mingi hupata kidonda na kovu, na kovu huweza kuuziba.

MWIBA NA SUMU

Mwiba wa samaki ukikwama, wengi wetu humeza tonge kubwa la ugali ili kuusukuma. Hilo si jambo jema. Tonge laweza kuuchomeka mwiba ndani zaidi. Kama maumivu hayaishi, au mate hayamezeki, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Mtoto akimeza betri ndogo ya saa, usingoje hata saa moja. Betri hiyo huunguza umio upesi sana.

Watengenezaji wa sabuni, sikilizeni. Dawa kali ya kutengenezea sabuni, yaani kostiki soda, huunguza umio mara tu inapomezwa. Msiiweke katika chupa ya soda au ya maji. Mtoto huona chupa, haoni sumu. Akiinywa, msimtapishe. Ikirudi juu itamuunguza mara ya pili. Msafisheni mdomo kwa maji, msimlazimishe kunywa kitu, mkimbizeni hospitali.

SARATANI YA UMIO

Sasa turudi kwa yule baba wa uji. Yapo magonjwa kadhaa yanayoweza kuziba umio. Lililo baya zaidi ni saratani, ambayo wengi huiita kansa. Saratani ya umio ni kati ya saratani zinazoua watu wengi hapa Tanzania na kwa jirani zetu wa Kenya. Huwapata zaidi watu wazima, lakini vijana nao huugua.

Huanza kama kidonda au uvimbe mdogo ndani ya umio. Haiumi mwanzoni. Umio hutanuka, kwa hiyo chakula huendelea kupita. Mtu anaposikia nyama inakwama, uvimbe umekwisha kuwa mkubwa. Baadaye hukwama ugali, halafu uji, mwisho maji. Ndiyo maana tunasema usingoje. Kila wiki unayongoja, uvimbe unakua.

Mambo yanayoongeza hatari ni haya: kuvuta au kutafuna tumbaku, kunywa pombe, na kukosa matunda na mboga. Jambo jingine ni kunywa vitu vya moto sana. Mwaka 2016 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani walisema kwamba vinywaji vyenye joto la kupita nyuzi 65 huenda vinaleta saratani ya umio. Watafiti waliopima chai mkoani Kilimanjaro walikuta watu wakianza kuinywa ikiwa na nyuzi 70 hivi.

Hatusemi uache chai. Tunasema ingoje ipoe kidogo. Huna haja ya kipimo. Kama huwezi kuinywa bila kuivuta kwa sauti na kupuliza, bado ni ya moto mno. Uji na maziwa ni vivyo hivyo. Na mtoto asizoeshwe uji wa kuunguza.

NENDA WAPI?

Chakula kikikukwama zaidi ya wiki mbili, nenda zahanati. Mwambie mganga waziwazi: "Chakula kinakwama hapa." Usiseme tu kwamba tumbo linauma. Mwambie pia kama umekonda. Zahanati haina chombo cha kuona ndani ya umio, kwa hiyo omba barua ya rufaa. Katika hospitali kubwa daktari atapitisha mdomoni mpira mwembamba wenye kamera. Ataona ndani na kuchukua kipande kidogo cha nyama ya mwili kwenda kupimwa.

Ikiwa ni kovu, umio unaweza kutanuliwa. Ikiwa ni saratani iliyogunduliwa mapema, yapo matibabu: upasuaji, dawa na mionzi. Dar es Salaam tunayo Taasisi ya Saratani Ocean Road. Ikiwa mgonjwa amechelewa, bado anaweza kuwekewa bomba dogo ili apate kumeza. Hata hilo ni jambo kubwa kwa mtu mwenye njaa.

Jambo la mwisho ni kutapika damu. Ukitapika damu nyekundu au kitu cheusi kama unga wa kahawa, nenda hospitali saa hiyo hiyo. Wenzetu wa kandokando ya Ziwa Victoria, kumbukeni kichocho cha tumbo. Huharibu ini kwa miaka mingi, mpaka mishipa ya damu ya umio huvimba na kupasuka. Dawa ya kichocho inapogawiwa kijijini au shuleni, imezeni.

Ndugu msomaji, wewe unayejua kusoma, msomee na jirani yako ukurasa huu. Na leo jioni, wakati wa kula, tazama sahani za nyumbani kwako. Nani ameacha nyama? Nani anasindikiza kila tonge kwa maji? Muulize. Kesho mpeleke zahanati.

MASWALI YA KUJADILI

1. Kwa nini ng'ombe aweza kunywa maji kichwa kikiwa chini?

2. Mtoto akinywa dawa ya sabuni, tufanye nini? Tusifanye nini?

3. Katika kijiji chetu, mtu akishindwa kumeza watu husema nini? Maneno hayo yanamsaidia au yanamchelewesha?