Unataka Vinia za Meno? Usianze na Bei, Anza na Jino Lako Litasagwa Kiasi Gani

Fungua TikTok saa hii, skroli dakika tano tu, na utakutana na msee anaonyesha meno meupe kama kikombe kipya. Picha ya kwanza ni meno ya kawaida, ya pili ni tabasamu ya seleb. Ukishuka kwa maoni, karibu kila mtu anauliza kitu kimoja: hizi ni ngapi?

Swali ni poa, maana ganji haiokotwi. Lakini ukianza na bei utapotea. Swali la kwanza linafaa kuwa hili: ndio nivae hizi vinia, jino langu litasagwa kiasi gani? Doo ukipoteza utatafuta zingine. Enameli, lile ganda gumu la juu ya jino, ikishasagwa hairudi. Mwili wako hauna uwezo wa kutengeneza ingine.

Vinia ni kipande chembamba kinachogandishwa mbele ya jino, kama kucha bandia juu ya kucha yako. Hii story ilianzia kwa kamera. Mwaka wa 1928, daktari wa meno wa California, Charles Pincus, alitengenezea waigizaji wa Hollywood vipande vya kubandika kwa muda. Wakimaliza kupigwa picha, wanatoa. Ni hadi miaka ya 1980 ndio madaktari walipata njia ya kushikanisha poseleni na jino hadi ikae miaka. Kumaanisha, kitu kilichoundwa kivaliwe masaa machache sasa unaambiwa uishi nacho. Kwa hivyo cheki kila aina poa.

Poseleni. Hizi ndizo maseleb wengi wanavaa. Daktari anasaga mbele ya jino, mara nyingi karibu nusu milimita, anachukua kipimo, maabara inatengeneza, unarudi kugandishiwa. Zinang'aa kama jino la ukweli na hazishiki rangi ya chai kwa urahisi. Zikitunzwa, hukaa miaka 10 hadi 15, zingine zaidi. Ubaya ni kwamba ikivunjika, kawaida inabadilishwa yote. Na ukishasagwa, hakuna siku utaamka useme umerudia meno yako ya zamani.

Kompositi. Hii ni ile dawa nyeupe ya kuziba meno. Daktari anaijenga juu ya jino lako ukiwa hapo kwa kiti, anaikausha na taa ya bluu, na mara nyingi unatoka siku hiyo hiyo. Kusaga ni kidogo, wakati mwingine hakuna. Bei iko chini ya poseleni, na ikichipuka inarekebishwa bila kung'oa yote. Lakini inakaa miaka kama 5 hadi 7, na inashika rangi. Kama wewe ni mtu wa kahawa, chai ya rangi na fegi, itakusema.

Zile za bila kusaga. Ni poseleni nyembamba sana. Zinafaa mtu mwenye meno madogo au yenye mapengo. Kama meno yako tayari ni makubwa au yametoka mbele, zitakuongezea unene na mdomo utakataa kufunga vizuri. Na kama jino lina doa jeusi, wembamba wake hauwezi ficha.

Za kuvaa na kutoa. Plastiki unayoweka juu ya meno kama kava ya simu. Kwa picha za harusi, sawa. Kwa nyama choma, sahau.

Sasa kuna mtego unafaa kujua: krauni. Vijana wa Uingereza wamekuwa wakipanda ndege kwenda Uturuki kutafuta meno ya bei nafuu, hadi tabasamu hizo zikapewa jina lao, Turkey teeth. Wengine walidhani wanawekewa vinia, kumbe ni krauni. Vinia inagusa mbele ya jino. Krauni inafunika jino lote, kwa hivyo linasagwa pande zote hadi linabaki kigingi kidogo. Krauni si mbaya, ni matibabu halali ya jino lililovunjika au lililooza vibaya. Lakini kusaga meno mazima ya mtu wa miaka 22 ni kitu madaktari wa Uingereza wenyewe wameonya mara nyingi. Video inakuonyesha mwanzo na mwisho. Katikati, pale meno yamebaki vigingi, hawaposti.

Tupige hesabu kidogo. Uko na miaka 24, umeweka poseleni, na una bahati kila seti inakaa miaka 15. Utabadilisha ukiwa na 39, tena 54, tena 69. Hiyo ni kulipa mara nne, kwa kila jino. Na bima nyingi hazigusi kitu inaitwa urembo. Kwa hivyo bei uliyopewa leo ni kama kodi ya mwezi wa kwanza tu. Nyumba ndio hiyo, hauhami.

Lakini si kila mtu anatafuta vinia juu ya trendi. Tuongee Naks. Kama umekulia Nakuru, Naivasha, Gilgil au sehemu zingine za Bonde la Ufa, unajua watu wenye meno ya madoa ya kahawia. Wengine wanacheka wakiwa wamefunika mdomo na mkono. Wanaambiwa hawaswaki, na wanaswaki kuliko wewe. Shida ni maji. Maji ya chini ya ardhi huko yana fluoridi nyingi. Shirika la Afya Duniani linaweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita, na visima vingi huko vinapita hapo mbali. Mtoto akinywa hayo maji wakati meno yanajiunda ndani ya ufizi, yanatoka tayari na doa. Hakuna mswaki utalitoa.

Kwa huyu mtu, tabasamu ni kazi, ni mahojiano, ni kudate bila kuinamisha kichwa. Hata hivyo, ngazi inapandwa kutoka chini. Madoa mepesi yanaweza kupunguzwa kwa kung'arishwa, au kwa daktari kusugua tabaka nyembamba sana la juu. Isipotosha, kompositi. Poseleni inafaa kuwa kituo cha mwisho. Na muulize daktari kama ameshawahi kushughulikia meno ya fluoridi, kwa sababu yakiwa yameathirika sana, gundi haishiki vile inashika kwa meno mengine.

Na kama uko na kasibling kadogo huko, kuchemsha maji hakusaidii. Maji yanapungua, fluoridi inabaki. Kuna vichujio vya mifupa ya ng'ombe iliyochomwa, ambavyo Dayosisi ya Katoliki ya Nakuru imevisambaza kwa miaka, na kuna maji ya mvua. Haileti maana nchi moja iuze vinia kwa watu wazima huku inawanywesha watoto wao maji yale yale.

Mwisho, nani anakuwekea? Kuna watu wanajifunza siku chache, wanakodi kiti kwa saluni, wanaanza kugandisha vinia. Marekani, chama cha madaktari wa meno, ADA, kimeshatoa onyo juu ya biashara kama hii. Ukigandishiwa vinia juu ya jino lililooza, uozo unaendelea kula chini kwa chini ukiwa unajipiga selfie. Hapa Kenya, daktari wa meno lazima awe amesajiliwa na KMPDC, na unaweza kutafuta jina lake kwa tovuti yao kabla utume hata shilingi.

Msimamo wangu ni huu: kama uko kwa twenties na meno yako ni mazima, anza na kusafishwa na kung'arishwa. Kama yamepindana, nyaya zinanyoosha bila kusaga. Ukitaka kuona kama sura mpya inakufaa, jaribu kompositi. Poseleni itakungoja, haiendi mahali.

Ukifika kwa kiti, uliza hizi nne: Ni vinia au ni krauni? Utasaga kiasi gani? Ikivunjika baada ya miaka mitatu, nani analipa? Na kuna njia ndogo kuliko hii? Daktari mzuri atajibu zote bila kukasirika. Akianza kukuharakisha na ofa inaisha Jumapili, chukua bag yako utoke na meno yako.