Aliyerudi Vitani Naye Aandikiwe Riwaya

Naliendele, nje kidogo ya mji wa Mtwara, kuna makaburi ya mashujaa waliofia Msumbiji. Taifa huwakumbuka kila Julai 25, nayo ni haki yao. Lakini wenzao waliorudi wazima, wakavua magwanda na kurejea kwenye mikorosho, hawana mnara. Jeraha la aliyerudi huishi ndani ya nyumba, na kinachoweza kuingia humo ni riwaya.

Abdulrazak Gurnah ameuonyesha uwezo huo katika Afterlives, riwaya ya mwaka 2020. Hamza, askari wa Mjerumani katika Vita Kuu ya Kwanza, anarejea mji wa pwani akichechemea. Anapata kazi, anaoa, lakini usiku vita humrudia usingizini, na mchana hataki kuulizwa alikotoka. Historia ya vita hivyo tunayo: Oktoba 1917 maelfu waliuawa au kujeruhiwa Mahiwa, mkoani Lindi, na mwezi uliofuata jeshi la Wajerumani chini ya Lettow-Vorbeck likavuka Mto Ruvuma. Historia inatueleza nani alivuka mto. Mke anayeamshwa na kelele za mumewe tunamkuta kwenye riwaya. Hata hivyo, Gurnah ameandika kwa Kiingereza, na habari zake ni za enzi ya ukoloni. Waliopigana Vita vya Kagera mwaka 1978 na 1979, na waliopelekwa Msumbiji miaka ya 1980, wanastahili kusimuliwa kwa undani huohuo, kwa Kiswahili.

Wapo watakaosema kwamba kuandika jinamizi la askari ni kulivunjia jeshi heshima, au kutoa siri zake. Hofu hiyo inaeleweka, lakini riwaya haihitaji ramani wala majina ya vikosi. Inahitaji ukweli wa moyo wa mtu. Tena heshima isiyovumilia kusikia maumivu ya askari mwenyewe ni nusu heshima. Wengine watasema yaliyopita si ndwele. Je, yamepita? Mwaka 2021 askari wetu walivuka tena Ruvuma, wakiwa katika kikosi cha jumuiya ya SADC kilichokwenda Cabo Delgado, Msumbiji. Familia zao zitahitaji maneno ya kuzungumzia watakayoyaona nyumbani.

Aliyekuwa na miaka 20 wakati wa Kagera sasa anakaribia 70. Waandishi wa Mtwara na Lindi wakakae na wazee hawa sasa, kwa ridhaa yao, na wachapishaji wawe tayari kuzipokea kazi hizo. Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu ipo; miswada ya namna hii ipelekwe huko.