Ukichangisha, Usiihamishe Harusi

Kadi yetu ya harusi niliiandika mwenyewe. Kazi yangu ni habari, kila siku nakata maneno ya wenzangu, kwa hiyo naona aibu kurudia sentensi ile: tuliwaalika watu "katika mandhari tulivu ya Milima ya Uluguru." Mama yangu amezaliwa Mgeta, upande wa magharibi wa milima hiyohiyo. Amekua akibeba kabichi na karoti kichwani kwenye miteremko ile. Sijawahi kumsikia akiiita mandhari.

Miezi minane imepita na marafiki bado wananiuliza namba ya hoteli. Wameona picha: ukungu, gauni, kijani mpaka juu. Siwapi. Si roho mbaya, jamani, ila nina neno na huu mtindo wa kupeleka harusi mbali, na naanza na mimi mwenyewe kwa sababu niliufanya. Ukichangisha watu, huna haki ya kuihamishia harusi mahali ambapo waliochanga hawafiki. Unataka mlima? Lipia mlima wako.

Mchango tunaujua. Mtu hatoi laki kwa sababu bwana harusi ni maskini. Ananunua kiti. Leo anakaa kwako, kesho utakaa kwake, na yeyote atakayekula bila kuchanga atasemwa mpaka mtoto wa tatu. Kama kuna andiko linalosomwa kwa makini nchi hii kuliko riwaya zetu zote, ni ile orodha ya ahadi na malipo kwenye grupu la WhatsApp. Watu wanaisoma mstari kwa mstari, wanajua nani ameahidi na kunyamaza, nani kapunguza. Ni daftari la deni, lakini pia ni daftari la undugu. Ukishalifungua, harusi si yenu wawili tena. Hii habari ya "siku yetu, vile tunavyotaka sisi" ingetakiwa ianze kabla ya kuunda kamati.

Mtindo wenyewe tumeuona Zanzibar. Wazungu wanashuka na gauni kwenye sanduku, watu kumi na wawili, wanaoana mchangani Nungwi, jioni wanaogelea. Sawa. Wamelipa wenyewe au wamelipiana, na hakuna shangazi anayepigiwa simu saa tatu usiku kukumbushwa ahadi. Sisi tukachukua ufukwe wao tukauchanganya na daftari letu. Mgeni anachanga, halafu anajilipia nauli, analala gesti kwa hela yake, na kitambaa cha sare ananunua. Halafu tunasimama mbele ya kamati tunasema eti tumebana matumizi. Gharama haikupungua hata kidogo, ilihama mfuko tu.

Utetezi wetu ulikuwa treni. Tangu SGR ianze kubeba abiria Juni 2024, Dar mpaka Morogoro ni chini ya saa mbili, na nauli ya daraja la kawaida ilitangazwa kuwa 13,000. "Si treni ipo?" tuliwajibu wote walionuna. Lakini treni inakushusha Kihonda, haikupandishi mlimani. Na mama mkwe wangu anatoka Mwanza, ambako alipanda basi, akakaa siku nzima na magoti yanayouma. Bustani ya hoteli ilikuwa na ngazi za mawe, nzuri sana kwenye picha. Hakuweza kuzipanda. Alibaki kwenye gari chini, akashusha kioo, akasikiliza mwanawe akila kiapo kwa spika ya MC. Hakulalamika. Mpaka leo hajasema kitu, na mimi ningefurahi sana kama angesema.

Ila linaloniuma zaidi ni la mjomba.

Kwa Waluguru ukoo unafuata mama. Mashamba yanafuata huko, na binti akiolewa mjomba ana neno. Mimi nimekulia Dar na baba yangu ni mtu wa Tabora, kwa hiyo hayo nilikuwa nayajua kama mtu anavyojua habari aliyoisoma gazetini. Kwenye kikao cha mahari mjomba aliitwa, maana bila yeye mama asingekubali hata kuweka chai. Kwenye kadi hakuitwa. Kamati ilikuwa na kiwango: kadi ya mtu mmoja 70,000, ya wawili 120,000. Mjomba, baada ya kuuza njegere, alituma 30,000 kwa simu ya jirani. Mweka hazina, kijana mwadilifu kabisa, aliiandika kwenye orodha ya "wasiofikia kadi". Orodha hiyo niliiona. Niliipitisha.

Alikuja hata hivyo. Na hapa naomba msomaji aangalie ramani. Mgeni wa Dar alifika kwa saa mbili. Mjomba, ambaye nyumba yake iko kwenye milima ileile iliyoandikwa kwenye kadi, ilibidi ashuke kutoka Mgeta kwa Noah iliyojaa, barabara ya masika, mpaka Sangasanga, aingie mjini Morogoro, kisha apande mlima tena kwa upande wa pili. Getini jina lake halikuwepo. Alikula na madereva. Nilijua kesho yake, mama aliponiuliza ule mfuko wa njegere jikoni kwa hoteli umetoka kwa nani.

Siku hiyo ya harusi, kabla ya yote haya, mpiga picha alitupeleka kwenye kingo za shamba. Kulikuwa na mama mmoja analima. Mpiga picha akamwomba asogee, anaharibu fremu, akasogea. Wakati tunapita akanisalimia na kuniuliza, "Mwanangu, wewe wa nani?" Nikamtajia jina la baba. Akaendelea kuniangalia, anasubiri. Nilidhani hajasikia, nikalirudia kwa sauti. Ilinichukua muda mrefu kuelewa kwamba alikuwa anasubiri jina la mama.

Na chuoni nilisoma, tena niliandikia mtihani, jinsi Waluguru mwaka 1955 walivyogoma kulazimishwa na wakoloni kuchimba matuta kwenye miteremko ile, mpaka polisi wakafyatua risasi Matombo. Nilipata maksi nzuri. Halafu nikaenda kusimama pale na gauni la kukodi, mkulima akaambiwa asogee.

Najua mtakachonijibu. Kumbi za Dar zinachosha, MC anapiga kelele, watu mia nne ambao nusu huwafahamu, kamati inavunja urafiki. Kweli kabisa, ndiyo maana tulikimbia. Sikatai mtu kukimbia. Nenda kwa mkuu wa wilaya na mashahidi wenu, mle pilau nyumbani, au mpande mpaka Morningside kwa miguu na marafiki sita, mjilipie, msichangishe mtu. Hiyo naiheshimu, na ningeitamani. Tulichofanya sisi ni kukimbia watu huku tumebeba hela zao.

Na wale wanaosema harusi ya mlimani inaleta hela kwa wenyeji, niwaambie tu kwamba kabichi ya siku ile ililetwa na gari la hoteli kutoka soko la mjini.

Mwezi uliopita nilienda Mgeta na mume wangu. Mjomba alitupokea vizuri, alichinja kuku, akatuonyesha shamba la bibi ambalo eti siku moja naweza kuomba kipande. Nilikuwa nimeandaa maneno ya kuomba radhi, nikaanza. Akanikatisha, akauliza kama ile 30,000 ilifika, maana jirani mwenye simu hakumwonyesha ujumbe wa majibu.

Hatukuwa tumemtumia.