FIMBO PEKE YAKE SI MALEZI



Kila tunapojadili vijana wanaotoroka nyumbani, wanaovuta bangi na kuwadharau wazee, jibu hutolewa upesi: watoto wa siku hizi wamekosa fimbo. Jibu hilo tunalikataa. Utafiti wa kitaifa uliofanyika Tanzania mwaka 2009 ulionyesha kuwa karibu vijana watatu katika kila wanne walipata kupigwa au kutendewa ukatili wa mwili kabla ya kutimiza miaka 18. Fimbo haijaadimika. Kilichoadimika ni malezi.

Katika miaka ya 1960 mtaalamu wa Marekani, Diana Baumrind, alieleza aina tatu za wazazi. Wa kwanza hutoa amri tupu. Mtoto wake hutii akionwa, na mara nyingi hukua bila kujiamini. Wa pili huachia kila kitu. Mtoto wake hushindwa kujitawala. Wa tatu huweka sheria imara, hueleza sababu zake na humsikiliza mtoto. Huyo ndiye ambaye watoto wake walionekana kuwa na nidhamu inayotoka moyoni. Baadaye wataalamu waliongeza wa nne, mzazi asiyejali, na matunda yake ndiyo machungu kuliko yote. Tukubali kwamba huyo yumo miongoni mwetu: ni yule baba anayeshinda kilabuni na kurudi usiku akiuliza mkanda uko wapi.

Wako watakaotujibu kwa methali: mchelea mwana kulia hulia yeye. Ni kweli. Lakini methali hiyo humlaumu mzazi anayeogopa kumkataza mwanawe; haikumwagiza ampige. Na samaki hukunjwa angali mbichi, havunjwi. Wengine watatuletea Maandiko. Basi tuyasome yote. Mtume Paulo, katika sura ya sita ya Waraka kwa Waefeso, anawaagiza watoto kutii, kisha papo hapo anawakataza akina baba kuwachokoza watoto wao. Mbona sehemu ya kwanza tunaihubiri kwa sauti kubwa, na ya pili tunaipita kimya?

Hili ni jambo la haki. Tunadai polisi wasimpige mtuhumiwa, na mahakama isimhukumu mtu kabla ya kumsikiliza. Nyumbani mwetu mtoto hushtakiwa, huhukumiwa na huadhibiwa na mtu mmoja, kwa dakika moja, naye akiuliza kosa lake huongezewa viboko. Mtoto aliyefundishwa kwamba kuuliza ni kosa, atawezaje kesho kumwuliza kiongozi wake fedha za kijiji zimekwenda wapi? Na aliyejifunza kwamba mwenye nguvu ndiye mwenye haki, atamtendeaje mkewe?

Basi viongozi wa jumuiya ndogondogo walifikishe jambo hili katika mikutano yao. Kila mzazi aanze leo: atoe sababu ya katazo lake, amsikilize mtoto kabla ya kumwadhibu, na akikosea yeye, amwombe mtoto msamaha. Hatuwezi kudai haki barabarani huku tukiinyima nafasi jikoni mwetu.