Mzigo Hushuka, Mamlaka Hubaki

Ibara ya 146 ya Katiba ya Tanzania yasema kwamba serikali za mitaa zipo kwa ajili ya kupeleka madaraka kwa wananchi. Sina ugomvi na ibara hiyo. Ugomvi wangu ni na desturi iliyoota kando yake. Nadai kwamba tulichowapelekea wananchi mara nyingi ni mzigo wa kazi, na kwamba mamlaka yenyewe, yaani ufunguo wa mfuko na uwezo wa kumwajibisha mtumishi, hayajaondoka yalipokuwa.

Wahenga walituonya tusitazame tulipoangukia, bali tulipojikwaa. Tulijikwaa katika mwaka wa 1972. Mwaka huo ulikuja mpango ulioitwa Madaraka Mikoani. Jina lilikuwa zuri. Maofisa waliondoka Dar es Salaam wakaenda mikoani na wilayani, na mtu aliyetazama kwa mbali alidhani serikali imewasogelea watu. Lakini halmashauri za wilaya, zilizochaguliwa na watu hao, zilifutwa, na kazi zao zikashikwa na watumishi walioteuliwa. Serikali ilikaribia kwa miguu, ikawa mbali kwa masikio. Katika mwaka wa 1976 vyama vikuu vya ushirika navyo vilivunjwa, na wakulima wa pamba wa Usukuma wakapoteza chombo walichojijengea tangu miaka ya 1950. Sheria za mwaka wa 1982 zilirudisha halmashauri, nazo zikaanza kazi tena katika mwaka wa 1984. Zilirudi, lakini zilirudi kama mtu aliyetoka kifungoni, ambaye huomba ruhusa hata ya kufungua mlango wake mwenyewe.

Wapo wasemao kwamba mwanakijiji hajui kutawala. Kwamba elimu yake ni haba, na akipewa mali ya umma ataifuja. Jibu langu limo mkoani Shinyanga, na mtu wa Kolandoto hana haja ya kusafiri mbali ili alione. Misitu ya nchi hii ilifyekwa wakati wa ukoloni katika vita vya kupambana na mbung'o, ikafyekwa tena kwa ajili ya mashamba. Kisha Operesheni Vijiji ya miaka ya 1974 na 1975 iliwahamisha watu, wakaacha nyuma ngitili zao, yaani malisho yanayofungwa wakati wa masika ili ng'ombe wapate majani wakati wa kiangazi. Serikali ilipoanzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga katika mwaka wa 1986, ngitili zilizojulikana zilikuwa hekta 600 hivi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilikadiriwa kuzidi hekta 300,000.

Nani aliyezilinda? Bwana misitu mmoja kwa wilaya nzima hakuweza. Zililindwa na mikutano ya vijiji na baraza la jadi la Wasukuma, dagashida, lililoweka kanuni na faini. Serikali ilileta maarifa na miche. Watu walileta sheria na macho. Kanuni ilishikwa kwa sababu aliyeiweka ndiye ambaye ng'ombe wake wangekufa ikivunjwa.

Nakiri kwamba si kila tunda la kijiji ni tamu. Sungusungu, waliozuka Shinyanga na Kahama mwanzoni mwa miaka ya 1980 ili kupambana na wezi wa ng'ombe, baadhi yao walivuka mipaka. Watu walipigwa, na wengine walitiwa adabu kwa tuhuma za uchawi zisizo na ushahidi. Madaraka ya kijiji yasiyo na mahakama juu yake ni udhalimu mdogo mahali pa udhalimu mkubwa. Lakini dawa ya mwamuzi mbaya ni sheria na rufani. Waziri akiiba, hatufuti wizara. Kwa nini mwenyekiti wa kijiji akikosa, tuseme vijiji vyote havifai?

Sasa tutazame hali ilivyo. Diwani wa Kolandoto huchaguliwa kwa kura, akaketi katika Halmashauri ya Manispaa ya Shinyanga. Mkurugenzi ashikaye vitabu vya halmashauri hiyo huteuliwa na Rais. Diwani aweza kumhoji, kumwondoa hawezi. Kodi ya majengo, iliyokuwa pato la halmashauri, ilihamishiwa Mamlaka ya Mapato katika mwaka wa 2016, na katika mwaka wa 2021 ikafungwa pamoja na ununuzi wa umeme. Pato linaloweza kuhamishwa hivyo kwa Sheria ya Fedha ya mwaka mmoja ni hisani, hata likirudishwa kesho. Huko Geita, sheria ilitaja ushuru wa huduma wa asilimia 0.3 ya mapato ya biashara. Lakini kwa miaka mingi mgodi mkubwa wa dhahabu uliilipa halmashauri dola 200,000 tu kwa mwaka, kwa mujibu wa mkataba uliofungwa na serikali kuu. Waliokaa juu ya dhahabu hawakuketi penye meza.

Jirani zetu wa Kenya, katika Katiba yao ya mwaka wa 2010, waliziandikia kaunti 47 fungu lisilopungua asilimia 15 ya mapato ya taifa. Kaunti zao zina wezi wao na ugomvi wao; lakini fungu lao halitegemei huruma ya waziri.

Basi nataka mambo matatu. Mapato ya halmashauri yatajwe katika Katiba kwa kiwango chake. Mkurugenzi aajiriwe na halmashauri, nayo iwe na uwezo wa kumwachisha kazi. Na mwananchi aliyeonewa na kijiji chake awe na mahakama ya karibu ya kumsikiliza. Asiyekubali hata moja katika haya aseme waziwazi kwamba hataki madaraka yashuke, ili tujue tunabishana na nani.