Nguo ya biharusi na mizani ya uwanja wa ndege



Leo hatuzungumzii mishono wala rangi za msimu. Tunazungumzia begi. Kama unaolewa, au unamuoza binti yako, na katika shughuli hiyo mna safari ya ndege, tunakuomba usome mpaka mwisho, maana sisi somo hili tumelilipia.

Sisi ni mafundi cherehani wa Vitongoji, Pemba. Uwanja wa ndege wa kisiwa chetu hauko mbali na sisi. Wateja wetu wengi wanaolewa hapa hapa, lakini kila mwaka wamo wanaokwenda kupambwa Unguja, Dar es Salaam, Mombasa au Maskati. Nguo tunayoishona wiki sita inaweza kuharibika kwa maneno mawili ya mtu wa mlangoni: "Linakwenda chini."

Si zamani sana tulimshonea biharusi mmoja wa hapa kwetu. Ndoa ilifungwa huku, na kupambwa ilikuwa Maskati kwa wakwe, siku mbili baada ya kufika. Nguo ilikuwa ya satini nzito, lesi mikononi mpaka kwenye viganja, shanga za kifuani tumezishona moja moja, na mkia mrefu nyuma. Shangazi yake aliibeba mwenyewe ndani ya begi la magurudumu. Kwenye kaunta hakuambiwa neno. Kwenye ukaguzi hakuambiwa neno. Foleni ya kuingia ndani ya ndege kubwa imeshapangwa, ndipo alipoambiwa begi lake limezidi na makabati ya juu yamejaa. Likafungwa kikaratasi, likaondoka. Walipofika, mkanda wa mizigo ulizunguka mpaka ukasimama, begi halimo. Lilikuja siku ya tatu.

Biharusi alipambwa na nguo ya kuazima ya wifi yake, imebanwa kwa pini mgongoni. Usiku ule alitupigia simu. Hakugomba. Alisema, "Dada zangu, nyinyi mnajua nilivyoitaka ile nguo." Tukalia naye.

Begi lilipofika lilikuwa limelowa upande mmoja na shanga za bega zimesagika. Shangazi akatwambia kwa simu, "Wanangu, niliibeba kama mtoto mchanga, nikapokonywa mlangoni." Tukamuuliza kile kikaratasi kiko wapi. Alikitupa siku ile ile. Na begi alilipokea akatia saini, hakuandika popote kwamba limeharibika. Basi hapakuwa na pa kuanzia madai.

Kuna jambo jengine ambalo hatukumwambia biharusi mpaka baadaye, na leo tunalisema mbele yenu. Begi lile halikuwa na nguo yake peke yake. Asubuhi ya safari sisi wenyewe tulitia mabuibui mawili ya mteja mwengine aliyeko Maskati, tukasema nafasi ipo. Jirani akaleta mfuko wa kashata, mwengine akaleta dagaa wakavu. Begi likafura. Huenda lingekuwa jembamba lingepita, huenda lisingepita, Mungu ndiye ajuaye. Lakini katika lawama ile na sisi tumo. Tulimuomba radhi na akatusamehe, na nguo tukaifanyia kazi upya bila ya malipo.

Kwa hivyo rai yetu ina pande mbili. Mashirika ya ndege yana deni kwetu la uwazi. Na sisi wanawake tuna deni la ukweli, kwa mashirika na baina yetu wenyewe.

Tuanze na wao. Tabu ya mtu wa Pemba ni kwamba safari moja ina sheria mbili. Ndege zinazotupeleka Unguja nyingi ni ndogo, za watu kumi na kitu kama zile Cessna Caravan. Humo kawaida ni kilo 15 kwa abiria, na katika hizo limo hata la mkononi, na begi linatakiwa liwe laini la kukunjika. Ndani hamna makabati ya juu. Ukifika Unguja unapanda ndege kubwa, tiketi yake inakwambia kilo 23 au 30 chini na kilo 7 juu. Biharusi anafunga begi kwa sheria ya ndege kubwa, anakwama kwenye ndege ndogo. Aliyemkatia tiketi mbili hakumwambia, na yeye hakujua kuuliza.

Ndege ndogo tunaielewa. Rubani anapiga hesabu ya uzito na mahali uzito ulipokaa, na mara nyengine hata abiria anapandishwa kwenye mizani. Hilo ni la usalama wa roho zetu, hatuligombei. Tunaloligomba ni kuambiwa tukiwa tumeshafika kaunta, jamaa wametuzunguka, machozi ya kuagana yako machoni, ndipo mtu anatajiwa pesa za kilo zilizozidi. Kama mtu hana, atafungua begi la biharusi sakafuni mbele ya wanaume, atoe nguo za ndani atafute cha kuacha. Hii si heshima. Hata kipazia cha kufungulia mabegi pembeni hakuna.

Kwenye ndege kubwa tabu ni nyengine. Mwaka 2008 mashirika makubwa ya Marekani yalianza kutoza pesa hata kwa begi la kwanza la chini, na biashara ya kuuza tiketi rahisi kisha kutoza kila kitu mbali mbali ikaenea duniani. Watu wakaanza kuingia na kila kitu mkononi. Makabati hayakuongezeka kwa kasi ile. Matokeo yake wa mwanzo kuingia wanaweka, wa mwisho wananyang'anywa, hata kama begi la wa mwisho limetimiza vipimo vyote. Shirika linajua ndege ina viti vingapi na makabati yana nafasi kiasi gani. Ikiwa haiwezekani kila mtu aweke kilo zake 7 juu, basi ahadi ya kilo 7 kwa kila mtu si ahadi kamili.

Tunaomba mambo manne, na hakuna hata moja linalohitaji ndege mpya. Kwanza, anayeuza tiketi aandike uzito na vipimo vya begi kwa Kiswahili, kwenye karatasi au kwenye ujumbe wa simu, kabla ya kupokea pesa. Pili, begi la mkononi lipimwe kaunta na lipewe alama, na likishapewa alama lisirudi kuhukumiwa mlangoni. Tatu, abiria mwenye nguo ya harusi aruhusiwe kusema mapema, na kama kuna malipo ya nafasi alipe. Tunalipia maua na keki, hatutashindwa kulipia nafasi ya nguo. Nne, pawepo mahali pa faragha pa kufungulia begi.

Sasa tuje kwetu, na hapa tutasema bila ya kuoneana haya.

Dada zetu, kuna mchezo tunaoujua sote. Mtu anapima begi moja kaunta, la pili amemshikisha mwenziwe nyuma ya nguzo. Au anasema "mkoba tu huu" na ndani mna pasi ya umeme. Katika Qur'ani iko sura nzima, Al-Mutaffifin, inayowaonya wanaotaka kutimiziwa wanapopimiwa na wakapunguza wanapowapimia wengine. Tumezoea kuisoma tukimfikiria muuza unga sokoni. Lakini mizani ya uwanja wa ndege nayo ni mizani. Shirika linalouza kilo lisizoweza kuzibeba linaguswa, na sisi tunaoficha kilo tunaguswa. Na katika ndege ndogo, kilo unayoificha rubani haijui.

Watu wanatuuliza, je, kuvaa mabuibui mawili au kuvaa koti zito ili begi lipungue? Rai yetu ni kwamba hapo hujamdanganya mtu, umevaa nguo zako na kila mtu anakuona. Utapata joto tu. Kuficha ni kitu chengine.

La pili ni hili la "nibebee". Kwetu Pemba mtu akisafiri, mtaa mzima unasafiri begini mwake. Ni mapenzi na hatutaki yafe. Lakini mzigo wa mtu ni amana, na Suratun Nisaa, aya ya 58, inatuamrisha tuzifikishe amana kwa wenyewe. Utaifikishaje amana ya mtu wa kumi wakati amana ya mtu wa mwanzo, ambayo ni nguo ya biharusi, umeshaiponza? Na usisahau jambo zito zaidi. Kwenye ukaguzi begi ni la aliyelishika. Kifurushi kilichofungwa na mtu mwengine, ndani hukukiona, kikikutwa na kitu cha haramu, wewe ndiye utakayeulizwa. Kumwambia jirani "kifungue nikione" si kumtukana. Kama hataki kukifungua, usikichukue.

Sisi chumbani kwetu tumeshaweka kanuni: begi la biharusi halibebi mzigo wa mtu, hata wa kwetu.

Na haya ndiyo tunayoyafanya siku hizi kwa kila nguo ya safari, nanyi mwambieni fundi wenu, popote mlipo.

Mwambie safari yako kabla hajakata kitambaa. Mkia tunautengeneza wa kutoka na kufungwa kwa vishikizo vya ndani, na jipeto tunaliacha mbali ya nguo. Shanga nzito tunaziweka kwenye ukanda au kwenye shela, si kwenye nguo nzima. Hivyo nguo inaingia ndani ya begi laini la mkononi.

Usiikunje, izungushe. Igeuze ndani nje ili shanga zitazame ndani, weka karatasi laini nyeupe baina ya kila tabaka, kisha izungushe polepole kama mkeka. Ukifika itundike bafuni maji ya moto yakiwa wazi, mvuke utanyoosha mengi.

Pima nyumbani. Mizani ndogo ya kuning'iniza begi inauzwa bei nafuu, na mtaa mzima unaweza kununua moja.

Vizito vitangulize. Vyombo, mashuka na viatu vya zawadi vinaweza kupanda boti Wete au Mkoani na mtu wa nyumbani, vikakusubiri Unguja.

Mkoba mdogo usitoke begani. Dhahabu ya mahari, pasipoti, cheti cha ndoa, dawa na simu vikae humo. Begi likichukuliwa mlangoni, kabla hujaliachia toa betri ya akiba ya kuchajia simu, kwani hairuhusiwi kwenda chini. Mafuta ya udi na manukato ya mkononi yawe kwenye vichupa visivyozidi mililita 100 kila kimoja, sheria iliyokuja mwaka 2006 baada ya kugunduliwa njama ya kulipua ndege kutoka London. Mkasi mkubwa uende chini. Sindano na uzi vya dharura tafuta huko uendako.

Piga picha. Nguo kabla ya kuingia begini, begi likiwa wazi, begi likiwa limefungwa, na kile kikaratasi cha mzigo. Weka na risiti ya fundi. Sisi sasa tunatoa risiti yenye bei ya kitambaa na ya ushoni mbali mbali, kwa sababu hii.

Na ujue haki yako. Kwa safari za nchi hadi nchi baina ya nchi zilizomo katika Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999, Tanzania na Oman zikiwemo, begi la chini likiharibika unatakiwa ulalamike kwa maandishi ndani ya siku 7 tangu kulipokea, na likichelewa ndani ya siku 21 tangu kukabidhiwa. Fidia ina kikomo. Tangu mwisho wa mwaka 2024 kikomo hicho ni kama dola 2,000 za Marekani kwa abiria, na hupewi zote hivi hivi, unathibitisha hasara yako. Kama nguo yako ina thamani zaidi, mkataba unakuruhusu kuitangaza thamani hiyo wakati wa kukabidhi mzigo na kulipa ziada ikitakiwa. Muhimu ni kikaratasi kile. Usikitupe mpaka umefungua begi ukaridhika.

Lakini tuseme ukweli, hakuna dola zinazorudisha usiku wa kupambwa. Ndiyo maana tunataka uwazi mwanzo kuliko fidia mwisho.

Yule biharusi sasa ana mtoto. Alipokuja likizo alipita kwetu, akaivaa ile nguo pale pale mbele ya kioo chetu, mama yake anatazama, akapiga picha moja. Alicheka. Sisi tulikuwa tunamtazama bega la kushoto, pale zilipokuwa shanga mpya.

Mola awajaalie mabiharusi wetu wote safari za salama, mizigo iwafikie na wao wawafikie wenyewe, na awatilie baraka katika ndoa zao. Aamin. Na mwenye kusafiri wiki hii, tafadhali, kabla ya kumpokelea jirani mfuko, lipime begi.

Wabillahi tawfiq.